Hospitali Zetu za Beni na Butembo: Zilikotoka, Zilivyovumilia, na Kazi Inayotungoja Sisi Wamama



Katika mikutano ya vikundi vyetu hapa Luofu, neno hospitali husikika karibu kila juma. Mmoja ana mtoto aliyepewa transfere, mwingine binti yake anangoja upasuaji wa uzazi, mwingine anapita nyumba kwa nyumba akikusanya franka za kumtoa mgonjwa wake. Lakini tukiulizana hospitali hizi zilianza namna gani, kwa nini moja ni ya serikali na nyingine ni ya kanisa, na kwa nini kuna zilizofukuzwa kwa vita kisha zikafunguka tena, wengi wetu tunatazamana tu. Watoto wetu pia hawasomi habari hiyo darasani. Kwa hiyo juma hili tumeona vizuri kuieleza kwa utaratibu, tangu mwanzo hadi leo. Mtu hulinda kwa nguvu kitu anachojua kilipatikana kwa taabu gani.

Wakati wa tipoyi

Bibi zetu walizaa nyumbani, mikononi mwa wakunga wa kijiji. Mambo yakiharibika, wanaume walimbeba mgonjwa katika tipoyi, wakapanda kilima na kushuka kingine. Mara nyingi safari haikuwa na mwisho mwema, maana hapakuwa na mahali pa kumpeleka.

Wakati wa Wabelgiji, dawa ya kizungu iliingia kwetu kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza ulikuwa kampuni. Butembo ilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920 kama kituo cha kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs, ile ambayo wazee huita MGL. Kampuni ilihitaji wafanyakazi wenye nguvu, kwa hiyo iliwatibu. Mlango wa pili ulikuwa serikali ya koloni, ambayo ilihangaika zaidi na magonjwa ya kuenea, kama malale na ndui. Mlango wa tatu ulikuwa misioni, za Kikatoliki na za Kiprotestanti, zilizofuata watu vijijini. Ndiyo sababu hata leo tukihesabu hospitali kubwa za upande wetu tunakuta wenyewe mbalimbali: ya Kitatumba mjini Butembo na ile ya Beni ni za serikali, ya Katwa iko chini ya kanisa la Kibaptisti CBCA, na ya Matanda iko chini ya dayosisi ya Kikatoliki ya Butembo-Beni.

Mwaka wa 1929 daktari mmoja Mmarekani, Carl Becker, aliacha kazi yake Pennsylvania, akaja Kongo pamoja na mke wake Marie. Alianzia Katwa, pale karibu na Butembo. Mwaka wa 1934 akahamia Oicha, kaskazini mwa Beni, mahali ambapo msitu mkubwa wa Ituri unaanza. Hospitali ya Oicha ilianza na vijumba vya miti na udongo. Waliotibiwa pale walikuwa watu wa msitu, Wambuti, na wakulima wa vijiji vya jirani. Becker hakuweza kufanya yote peke yake. Alichukua vijana wa hapa, akawafundisha kufunga vidonda, kuchoma sindano, kutazama damu kwa mikroskopi, na baadaye kusaidia upasuaji. Mengi ya mafundisho yale yalifanyika palepale, mbele ya mgonjwa.

Kijiji cha wenye ukoma

Jambo lililofanya Oicha ijulikane mbali ni ukoma. Wamama wazee wanakumbuka jinsi mtu mwenye ukoma alivyotengwa: alikula peke yake, alijengewa kibanda mbali, na mwanamke mwenye ukoma aliweza kurudishwa kwao bila watoto wake. Oicha wagonjwa hao walipewa mahali pa kuishi na pa kulima. Waliishi pamoja na jamaa zao, wakawa na bustani zao, huku wakipata dawa kila wakati. Katika miaka ya 1950 walikuwa wamefikia maelfu, na wataalamu wa ukoma kutoka nchi nyingine walikuja kuona kazi ile.

Kwa nini tunaliandika jambo hilo katika barua ya wamama? Kwa sababu linaonyesha namna hospitali inavyopata wagonjwa wake. Mtu mwenye ukoma hakutoka msituni kwa kuamini vidonge ambavyo hajawahi kuviona. Alitoka kwa sababu alisikia kwamba kuna mahali ambapo hafukuzwi. Dawa ilikuja baada ya mapokezi. Tutakutana na jambo hilo tena tutakapofika wakati wa Ebola.

Uhuru bila madaktari

Tarehe 30 Juni 1960 nchi yetu ilipata uhuru. Siku ile hakukuwa hata na Mkongomani mmoja mwenye diploma kamili ya udaktari. Walikuwepo wauguzi, na walikuwepo wasaidizi wa udaktari waliokuwa wamesoma miaka mingi na kufanya kazi nzito, lakini wakoloni hawakuwa wamewaacha wafike juu. Wabelgiji walipoondoka kwa haraka, hospitali nyingi zilibaki mikononi mwa hao wauguzi na wasaidizi. Wengine kati ya wasaidizi walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo, wakarudi wakiwa madaktari kamili. Tuwape heshima yao, kwa sababu bila wao milango mingi ingefungwa.

Mwaka wa 1964 yakaja maasi ya Simba, wakati ambao wazee wetu huita wakati wa Mulele. Becker na wenzake walilazimika kuikimbia Oicha. Huko Nebobongo, kaskazini zaidi, daktari Mwingereza Helen Roseveare, mwanamke aliyekuja Kongo mwaka wa 1953 na kufungua mafundisho ya wauguzi, alikamatwa na waasi pamoja na wanawake wengine, wakateswa miezi mingi. Alipookolewa alirudi kwao. Mwaka wa 1966 akarudi tena Kongo. Watu wengi walishangaa. Yeye aliendelea na kazi ileile ya kufundisha wauguzi hadi mwaka wa 1973.

Alirudia kazi hiyo mahali papya: Nyankunde, katika Ituri, upande wa Bunia. Mwaka wa 1965 misioni tano za Kiprotestanti zilikuwa zimeona kwamba kila moja peke yake haiwezi kujaza pengo lile. Zikaunganisha nguvu, zikaanzisha Centre Médical Evangélique, ambacho watu hukijua kwa herufi tatu tu, CME. Becker, ambaye alikuwa amekwisha kutimiza miaka 70, alikuwa kati ya wale walioianza. Nyankunde ilikua ikawa hospitali ya vitanda 250, yenye shule ya wauguzi, duka kubwa la dawa, na ndege ndogo zilizowapeleka madaktari kwenye hospitali za mbali na kuwaleta wagonjwa wazito. Waganga wengi wa Beni, Butembo, Lubero na Bunia walipita katika shule ile. Kati ya wakunga waliotupokea sisi duniani, au waliopokea watoto wetu, wamo waliofundishwa na watu wa Nyankunde.

Zone ya afya ilitoka wapi

Sasa tufike kwenye jambo tunalokutana nalo kila siku bila kujua mwanzo wake. Mwaka wa 1978 nchi za dunia zilikutana Alma-Ata, wakati huo katika Umoja wa Kisovyeti, zikakubaliana kwamba afya ianzie karibu na watu: maji safi, chanjo, uzazi salama, chakula cha mtoto, dawa za lazima. Zaire ilikubali mpango huo na kuufuata mapema. Katika miaka ya 1980 nchi yote iligawanywa katika zone za afya 306. Baada ya vita, mwaka wa 2003, zikagawanywa upya zikawa 515.

Kazi ya zone ni hivi. Vijiji vichache vinafanya eneo moja la afya, na eneo hilo lina kituo chake, ile tunayoita santre. Maeneo yote ya zone yana hospitali kubwa moja ya kuyapokea, hospitali kuu ya rufaa. Daktari mkuu wa zone anaangalia yote, iwe hospitali ni ya serikali au ya kanisa. Ndiyo maana karatasi ya transfere kutoka santre ya Kikatoliki inapokelewa katika hospitali ya Kiprotestanti, na ya Kiprotestanti inapokelewa katika ya serikali. Mama akishikwa na uchungu haulizwi dini yake mlangoni.

Katika mpango huo kuna nafasi yetu pia, na hapa tunaomba msome polepole. Kila eneo la afya linapaswa kuwa na komite ya maendeleo ya afya, inayoitwa CODESA, yenye watu waliochaguliwa na wakaaji. Kuna pia wajumbe wa jamii, RECO, wanaopita nyumbani. Komite hiyo ina haki ya kujua dawa zilizoingia, pesa zilizopatikana na namna zilivyotumika. Vikundi vingi vya wamama vinalalamika juu ya santre bila kuwa na mama hata mmoja katika komite.

Tuseme pia ukweli juu ya pesa. Tangu miaka ya 1990, serikali ilipodhoofika na wanajeshi wakaanza kupora miji, hospitali ziliishi hasa kwa pesa za wagonjwa na kwa misaada ya makanisa na mashirika. Hata leo waganga wengi wa serikali wanangoja mshahara au prime isiyofika. Hospitali ambayo haipewi kitu inageuka kwa mgonjwa. Mgonjwa ambaye hana kitu anakaa nyumbani hadi hali inakuwa mbaya. Duara hilo tunalijua sana.

Hospitali iliyotembea kwa miguu

Tarehe 5 Septemba 2002, wakati wa vita vya Ituri, wanamgambo pamoja na wanajeshi walishambulia Nyankunde. Waliingia hadi ndani ya hospitali. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao. Watafiti wa haki za binadamu waliochunguza baadaye waliandika kwamba katika siku kumi watu wasiopungua 1,200 waliuawa katika mji ule na karibu yake. Dawa, vitanda, vyombo vya upasuaji, mabati na milango, vyote viliporwa. Kazi ya karibu miaka 40 ilivunjwa katika siku chache.

Waliopona, waganga, wanafunzi wa uuguzi, wagonjwa walioweza kutembea, na wamama wenye watoto mgongoni, walishika njia kwa miguu kuelekea Oicha na Beni. Walipita msituni siku nyingi. Tufikirie kidogo: kizazi cha kwanza kilikuwa kimeondoka Oicha kwa sababu ya vita kikaenda kujenga Nyankunde, na sasa kizazi cha pili kinatoka Nyankunde kwa sababu ya vita, kinarudi upande wa Oicha.

Walipofika hawakuwa na kitu, lakini walijua kazi. Muuguzi aliyekuja na nguo moja mwilini bado anajua kupima damu, kushona kidonda, kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Masomo yakaendelea, wagonjwa wakapokelewa, na mjini Beni ikazaliwa hospitali yenye jina lilelile, CME. Nyankunde yenyewe ilifunguliwa upya katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo leo kuna mbili mahali ambapo palikuwa na moja.

Sisi watu wa Luofu hatuna haja ya kuelezwa maana ya kuchomewa. Tunakumbuka usiku wa Aprili 2009, nyumba zetu zilipowaka moto na watoto wakafa ndani yake. Tunajua vilevile kwamba mtu akikimbia hachukui kabati wala sufuria kubwa. Anachukua mtoto, na anachukua kile anachojua kufanya. Kwa hiyo tukiwa na franka kidogo na tunabishana kama tulipie binti yetu masomo ya uuguzi au tununue mabati, tukumbuke watu wa Nyankunde. Mabati yao yaliporwa. Elimu yao ilifika Beni.

Ebola: hospitali inapoogopwa

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola huko Mangina, katika teritware ya Beni. Ilikuwa mara ya kumi kwa ugonjwa huo kutokea nchini kwetu, na mara ya kwanza kwake kuenea katikati ya vita. Ilipita Beni, ikashuka Butembo na Katwa, ambako mwanzo wa 2019 ilikuwa kali kuliko mahali pengine pote. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 walikuwa wamehesabiwa, na kati yao 2,287 walikufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wa jinsia yetu. Sababu yake si siri: nani anaosha mgonjwa, nani anashika mtoto mwenye homa, nani anakesha hospitalini na chakula?

Wengi wanakumbuka hofu ya siku zile. Watu walioishi na mauaji ya Beni tangu mwaka wa 2014 waliuliza kwa nini magari mazuri yamekuja kwa ajili ya Ebola na hayakuja kwa ajili ya mapanga. Swali hilo lilikuwa na uzito wake. Kisha Desemba 2018 ikatangazwa kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, na sababu iliyotolewa ilikuwa ugonjwa na usalama. Hasira ikageukia vituo vya afya. Mjini Beni waandamanaji walivunja kituo cha kuwapokea wagonjwa wanaoshukiwa. Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa, na siku tatu baadaye cha Butembo kikashambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akafa katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, mjini Butembo.

Waliopoteza zaidi ni sisi wenyewe. Mgonjwa aliyekimbia kituo alikwenda kufia nyumbani, na waliomwosha wakafuata. Mama mwenye malaria au mwenye damu ya uzazi aliogopa kwenda hospitali asije akaitwa mgonjwa wa Ebola, naye akafa kwa ugonjwa uliokuwa na dawa.

Lakini historia ya wakati ule ina upande mwingine, ambao hatuusemi vya kutosha. Karibu na vituo vya Ebola, Beni na Butembo, palifunguliwa nyumba za kulelea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Nani angeweza kumshika mtoto ambaye labda ameambukizwa? Wanawake waliokuwa wamepona Ebola. Miili yao ilikuwa imepata kinga, kwa hiyo waliwabeba, wakawalisha, wakawaimbia hadi majibu ya damu yatoke. Wengi wa wanawake hao walikuwa wamefiwa, na majirani waliwaogopa.

Upande wa dawa pia, kazi kubwa ilifanyika kwetu. Kuanzia Novemba 2018 wagonjwa wa Beni, Mangina, Butembo na Katwa walikubali kuingia katika jaribio la dawa nne. Agosti 2019 majibu yalionekana wazi: kwa dawa mbili, vifo vilikuwa karibu 35 katika kila wagonjwa 100, ambapo kwa dawa iliyokuwa ikitegemewa mbele vilikuwa karibu 50. Waliofika mapema walipona zaidi. Moja ya dawa hizo mbili ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka wa 1995, kazi iliyofanywa pamoja na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa. Leo mgonjwa wa Ebola ya aina ileile popote duniani anatibiwa kwa ujuzi uliopatikana katika hospitali zetu. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Mwanzoni wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha waliachwa nje ya chanjo. Watu walilalamika, wataalamu wakapima upya, na mwaka wa 2019 wakakubaliwa.

Februari 2021 Ebola ilirudi upande wa Butembo. Safari hii ilihesabu wagonjwa 12 na vifo 6 tu, ikaisha tarehe 3 Mei. Waganga wa hapa walikuwa wanajua la kufanya, na watu walikuwa wanawajua waganga wao.

Tunayojifunza, na la kufanya

Tukiangalia miaka hiyo yote tangu Katwa ya 1929, tunaona jambo moja likirudi. Hospitali za upande wetu zimevunjwa na watu wenye silaha, zimenyimwa pesa, zimevamiwa na hasira. Kila mara zilisimama tena kwa sababu ya vitu viwili: watu wa hapa waliofundishwa vizuri, na wagonjwa walioamini kwamba pale watapokelewa. Vitu hivyo vyote viwili viko mikononi mwetu zaidi kuliko tunavyofikiri.

Wataalamu wa uzazi wanasema mama anayekufa akizaa mara nyingi amecheleweshwa mara tatu. Anacheleweshwa nyumbani, watu wakibishana kama aende au asiende. Anacheleweshwa njiani, kwa kukosa pikipiki au pesa. Anacheleweshwa hospitalini, kwa kukosa damu, dawa au mganga. La tatu ni la serikali na la hospitali, nasi tuna haki ya kuwadai. Mawili ya kwanza tunaweza kuyapunguza sisi wenyewe, kuanzia juma hili.

Kwanza, kila mwanamke mwenye mimba aanze CPN mapema. Shirika la Afya Duniani linaomba awe ameonana na mganga mara nane kabla ya kuzaa. Akitoka damu, akipata degedege, kichwa kikali na macho kuona ukungu, homa, maji kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza, asingoje asubuhi wala asingoje mume arudi kutoka shamba au soko.

Pili, jamaa ikubaliane mbele ya mwezi wa tisa: nani atamsindikiza, pikipiki ya nani, nani atabaki na watoto, nani atatoa damu ikihitajika. Maneno hayo yasemwe mchana, mama mkwe na mume wakiwapo.

Tatu, katika AVEC na likelemba zetu tuweke sanduku dogo la uzazi, mbali na akiba ya biashara. Haba na haba hujaza kibaba. Mama aliyepasuliwa kisha akakaa majuma hospitalini kwa kuwa deni halijalipwa ni aibu ya kijiji kizima, na mtoto wake mwingine nyumbani anakonda. Palipo na mituele ya afya, kikundi kijiunge pamoja badala ya kila mtu kungoja augue.

Nne, tuchague wamama wawili katika kila CODESA, wanaojua kusoma hesabu na wasioogopa kuuliza. Wakiona dawa inauzwa kwa mlango wa nyuma, waseme ndani ya komite, na wakiona muuguzi anakesha bila mshahara, waseme hilo vilevile.

Tano, tusiruhusu silaha karibu na santre, tusikubali mtoto wetu apige mawe gari la wagonjwa, na tusipitishe habari tusiyoijua chanzo chake. Uvumi ulibeba maiti wengi wakati wa Ebola.

Sita, tuwaache binti zetu wamalize shule. Mkunga atakayewapokea wajukuu wetu miaka 20 kutoka sasa yuko leo katika darasa la tano, pengine anatolewa mapema kila siku ili akachote maji. Sisi walimu tunamwona. Tunaomba nanyi wamama mumwone.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayeamua kwamba mama aende hospitali? Je, akiwa hayupo, nani anaamua?
2. Tunawajua watu wa komite ya afya ya eneo letu? Kuna mama kati yao?
3. Usiku wa leo mmoja wetu akishikwa na uchungu, tuna franka ngapi mkononi, na pikipiki ya nani?
4. Ni binti gani katika kikundi chetu anayependa kazi ya uuguzi, na tunaweza kumsaidia namna gani?

Kila kikundi kiandike majibu yake katika kitabu cha mikutano na kuyaleta kwa komite ya chama juma lijalo. Tutayasoma pamoja, kisha tutakwenda na kina mama wa kila eneo kuonana na wahusika wa santre yao. Mungu awalinde ninyi na nyumba zenu.